Karume asubuhi, Kigamboni jioni: nachaguaje sweta za kufumua, na bahari tuiwahi saa ngapi?

MamaZuu
Habarini za jioni wapendwa. Nina swali moja lililobeba mawili mgongoni, mnivumilie.

Mimi nafuma kwa kroshia. Si kazi, ni kitu cha usiku baada ya vyombo kuoshwa na Zuu kulala. Mikoba ya sokoni, vitambaa vya stuli, kofia ya kichanga pale jirani anapojifungua. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, mikoba ndiyo inayoulizwa sana, hata na wale waliokuwa wananicheka kwamba nafuma mambo ya bibi zao. Shida yangu ni uzi. Uzi wa pamba wa Kariakoo bei yake inanikata maini, na mkoba mmoja mkubwa unameza madonge kibao. Sasa kuna dada kwenye kundi letu la WhatsApp katuma picha: kanunua sweta ya mtumba, kaifumua yote, katoka na madonge ya uzi safi wa rangi ya maziwa. Nilipomuuliza kachaguaje akanijibu "utazoea tu". Haya.

Kwa hiyo nauliza hapa. Nikisimama mbele ya lundo pale Karume, soko la mitumba, natazama nini? Mnajua wenyewe muuzaji hakupi nafasi ya kutafakari. Yeye anaimba "chagua buku, buku", na wewe ukishika mkono wa kulia wa sweta unakuta mwenzio keshashika wa kushoto.

La pili, mdogo wangu wa kike anakuja kutoka Songea, na bahari hajaiona. Ziwa Nyasa analijua, likizo zake zote kazimalizia Mbamba Bay, kwa hiyo ananiambia kwenye simu "dada, maji ni maji". Nataka Jumamosi nimpeleke akaonje chumvi yake. Nilifikiri tuanzie Karume alfajiri, halafu Feri, pantoni, Kigamboni mpaka jioni. Ni sawa kwa siku moja au najidanganya? Zuu yuko darasa la tatu, miguu anayo.

La tatu ni la Zuu mwenyewe: anataka kuokota makombe ya baharini abandike kwenye fremu za picha. Anaruhusiwa?

Chakula tunabeba. Mahali pa kulipa kiingilio sitaki, nikitoa hela ya kiingilio nitabaki nawatazama wanaoogelea.

Kaka wa Magogoni
Inawezekana kabisa, dada. Ukitoka Karume chukua daladala iliyoandikwa Kivukoni, shuka mwisho, usifuate kundi linaloingia soko la samaki labda kama unataka mgeni aone pweza akipigwa chini. Pantoni yenyewe ni dakika chache tu, unavuka mlango wa bandari, meli kubwa zinapita hapo hapo, mgeni akae upande wa nje aone. Ukishafika ng'ambo bajaji zimejaa. Mikadi ndiyo pwani ya karibu. Mjimwema ni mbele kidogo na pana nafasi zaidi. Kuwa na N-Card, ile kadi ya kulipia nauli ya pantoni, yenye salio kabla hujafika getini, usije ukaanza kuhangaika na foleni inakusukuma.

Kuna watu watakuambia upite Daraja la Nyerere pale Kurasini. Tangu lifunguliwe 2016 ni zuri kwa mwenye gari. Wewe una mgeni ambaye hajaona bahari, sasa umpitishe juu ya lami? Pantoni.

Mambo ya sweta mimi simo, nasubiri wakubwa.

Bibi Cherehani
MamaZuu, wakubwa ndio sisi. Nimeshona miaka mingi Ilala kabla sijahamia Mjimwema, na siku hizi macho hayapendi tena cherehani, kwa hiyo nafuma. Uzi wa dukani nauona tu madukani. Karibu wote ninaofumia unatoka kwenye sweta za mtumba. Soma taratibu.

Ukiishika sweta, usitazame rangi. Rangi ndiyo inayouza sweta kwa wavaaji, wewe si mvaaji. Igeuze nje ndani, tazama mshono wa ubavuni. Humo ndimo kila kitu kilimo. Kuna sweta zilizokatwa kutoka kwenye kitambaa kirefu kwa mkasi, kisha zikapigwa ovaloki kama fulana: utaona ukingo umekatwa na nyuzi nyembamba zimeuzungukia. Hiyo rudisha hata akikupa bure. Ukiifumua, kila mstari unakatika ukifika ubavuni, utatoka na vipande vya urefu wa tumbo lako na kazi ya kufunga mafundo mpaka Pasaka. Nyingine kila upande umefumwa peke yake kwa umbo lake, halafu pande zimeungwa kwa mshono wa mnyororo. Ukingo wake mzima, haujakatwa, mishono inageuka yenyewe na kurudi. Hiyo ndiyo yako. Uzi wake ni mmoja kutoka bega mpaka kiunoni.

Sasa unene. Nyoosha mkono, ishike mbali. Kama bado unaweza kuhesabu mishono kwa macho, uzi una maana. Kama inaonekana kitambaa kitupu, uzi ni mwembamba wa mashine, utaumwa kichwa. Zenye manyoya manyoya acha, zile nyuzi hushikana na hazifumuki bila kukatika. Zenye maua ya rangi tatu nne zilizofumwa humo humo acha, kila rangi ni kipande kifupi. Mistari mipana, hizo zinakubali. Na sufu iliyowahi kufuliwa kwa maji ya moto mpaka ikaganda kama blanketi, hiyo haifumuki tena maisha yake yote, wauzie wanaoshona viatu vya watoto.

Tafuta za kiume, kubwa kupita zote. Sweta ya mwanamume mnene inaweza kufika nusu kilo. Donge la dukani ni gramu 50 au 100, hesabu mwenyewe. Mimi ninapopita kwa Mangi wa mtaani kwangu humwomba aniwekee kwenye mizani, ananicheka, lakini anapima.

Lebo isome kama ipo. Kwa mikoba unataka pamba, kwa sababu mkoba wa akriliki ukiwekewa viazi unavutika mpaka unagonga magoti. Akriliki weka kwa kofia za watoto. Sufu usiidharau, Dar hatuivai lakini shangazi yeyote wa Njombe au Makete atakupokonya mkononi. Kama lebo imekatwa, ukifika nyumbani chomoa kipande kidogo uchome kwa kiberiti, juu ya sinki au sahani ya bati. Sufu inanuka nywele zilizoungua na moto unajizima. Pamba inanuka karatasi na kuacha jivu laini. Akriliki inayeyuka na kuganda kipunje kigumu cheusi, usikiguse kikiwa moto.

Kufumua kwenyewe: fua kwanza, ile dawa ya kwenye robota sio marashi. Kata nyuzi za mishono tu, si sweta, utenganishe mikono, mbele na nyuma. Halafu anzia juu, shingoni na mabegani, sio chini. Sweta nyingi zilifumwa kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo zinafumuka kutoka mwisho wake. Ukianza chini utagombana nayo usiku kucha na utaniandikia hapa kwamba Bibi muongo. Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne kwa uzi wa rangi nyingine usivurugike, uloweke kwenye maji ya uvuguvugu, kisha uning'inize ukauke na chupa ya maji ikining'inia chini yake. Ule mkunjokunjo wote unanyooka. Ndipo uzungushe donge.

Na bei usikubali ya kwanza. Sweta Dar ni mali ya kusubiri gari la mkoani. Juni na Julai wafanyabiashara wa Mbeya na Iringa wanazichukua kwa fujo na bei inapanda. Desemba, jua la utosi, nani anataka sweta? Wewe.

Bahari nitakujibu kesho, nina ubwabwa jikoni.

Mjukuu wa Gerezani
Bibi Cherehani heshima kwako, nimehifadhi yote. Ila MamaZuu mimi nakupinga kwenye ratiba. Karume Jumamosi na mtoto wa darasa la tatu na mgeni anayeshangaa magorofa? Kule ni kubanana, na tangu soko liungue Januari 2022 hata mimi mwenyeji vichochoro nilivyovijua vimebadilika. Nenda Ijumaa peke yako ukitoka kazini, Jumamosi iwe ya bahari tu. Tena utabeba furushi la sweta mpaka ufukweni ulilie nini?

MamaZuu
@Mjukuu wa Gerezani Ijumaa natoka kazini saa kumi na moja na nusu, nikifika Karume wanafunga maturubai, kilichobaki ni mabaki ya mabaki. Uzuri wa Karume ni asubuhi robota likifunguliwa.

@Bibi Cherehani shikamoo. Nimesoma mara mbili, ya pili kwa sauti. Ila hapo pa kiberiti nilishtuka, nikadhani nichome sweta mbele ya muuzaji!

Bibi Cherehani
Marahaba mwanangu. Ukichoma mbele yake utaifumulia polisi.

Haya, bahari. Kaka wa Magogoni kakuelekeza njia vizuri, lakini njia bila maji ni safari ya kwenda kutazama mchanga. Pwani yetu huku maji yanatoka mbali. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa sana na kutoka sana, yakikupwa unaweza kutembea na kutembea unayafuata, mgeni wako atauliza bahari yenyewe iko wapi. Kwa hiyo kabla ya kupanga Jumamosi, tazama mwezi. Kama nyumbani huna kalenda ya msikiti, omba kwa jirani. Mwezi unapoandama, na tena kuanzia tarehe 14 mpaka 17 ya mwezi wa Kiislamu, hiyo ni bamvua. Na bamvua ya pwani hii ina saa zake: maji yanakuwa yamekauka kabisa kama saa nne asubuhi, yanaanza kurudi, na yanajaa kama saa kumi jioni. Kila siku yanachelewa karibu dakika 50. Wavuvi hawahitaji simu kwa hilo.

Sasa umeona? Wewe ulikuwa unaogopa kupoteza asubuhi Karume. Jumamosi ya bamvua asubuhi hiyo bahari haipo! Wakati maji yamekwenda, wewe uko unageuza sweta. Unamaliza saa nne, saa tano uko Feri, saa sita na nusu umefika Mjimwema, mnakula chini ya mkungu au mvinje, jua kali linapita, na maji yanawajia yenyewe. Saa tisa mpaka kumi na moja Zuu anaoga maji yaliyojaa yenye uvuguvugu, kwa sababu yamepita juu ya mchanga uliochomwa na jua kutwa. Hakuna ratiba nzuri kuliko hiyo, na aliyeipanga si wewe.

Ikiwa Jumamosi yako imeangukia mwezi nusu, ni maji mafu, hayatoki sana wala hayajai sana. Hapo nenda saa yoyote, ila asubuhi ndiyo yanakuwa juu kidogo, kwa hiyo siku hiyo mimi ningeacha Karume.

Upepo nao: kusi likivuma, kuanzia kama Mei mpaka Septemba, upande huu mawimbi yana nguvu na mwani unatupwa ufukweni kwa marundo. Mtoto asivuke kiuno chake, na usimkabidhi kwa mgeni wa ziwani. Anajua kuogelea, sawa, ila hajui maji yanayovuta.

Mjukuu wa Gerezani ana haki kuhusu kubanana. Basi mgeni na mtoto wakusubiri na kikapu cha chakula mahali pa chai, wewe uingie peke yako na begi tupu la mgongoni. Sweta tano ukizikunja kwa kuzungusha zinaingia. Na furushi halina shida ufukweni, utakalia. Mimi hukalia.

Dada wa Kongowea
Nawasalimu kutoka Mombasa. Nyinyi mna shida ya kuvuka maji, sisi mitumba na bahari ni ng'ambo moja. Ukitoka soko la Kongowea na furushi lako unapanda matatu ya Mtwapa, unashuka Pirates, na ufuo ule ni wa umma, hulipi. Ni nafasi tu ndiyo utaitafuta wikendi, watu wamejaa pomoni na ngamia wanapita katikati.

La kuongeza kwa Bibi: msiache suruali za jinzi na mashuka. Mimi sifumi, nashona vipande. Jinzi kuukuu zakatwa viraka vya mraba, shuka la pamba la mtumba lakuwa bitana, na zipu na vifungo vyote navichopoa naweka kwenye kopo la maziwa. Mkoba wa uzi ukiushonea bitana ya shuka hauvutiki hata ukiubebea nazi. Na ukifika sokoni mapema msishindane na wanaotafuta nguo za kuuza tena, wale hununua za kwanza kwa bei ya juu. Subirini nusu saa wapite, mnachotaka nyinyi wao wanakitupa pembeni.

Nahodha wa Kunduchi
Nijibu la Zuu maana wote mmelikimbia.

Mimi napeleka watu kisiwa cha Mbudya. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari tangu 1975, na kule kuokota makombe hairuhusiwi hata moja, naomba nisisikie kwamba ni dogo. Kigamboni ufukwe wa kawaida si hifadhi ya aina hiyo, lakini hata huko nakuomba umfundishe mtoto. Kombe linalong'aa zuri mara nyingi lina mwenyewe ndani, na lililo tupu ni nyumba ya kaa mdogo anayehama kila akikua. Akikosa nyumba anatembea uchi na ndege wanamchukua. Na wale wanaokuuzia makombe makubwa mezani pale Feri hawakuyaokota ufukweni, yalitolewa majini yakiwa hai, yakachemshwa. Usinunue.

Badala yake kuna kitu bahari inatutupia bure na hakuna anayekililia: malapa. Kila bamvua yanaletwa, ya kushoto mengi kuliko ya kulia, sijui wanaoyapoteza wana mguu gani. Huko Lamu walitengeneza jahazi zima la taka za plastiki na kulivika malapa ya kuokotwa. Lilishushwa majini 2018, na mapema 2019 likasafiri kwa tanga mpaka Unguja. Kwa hiyo fremu ya picha haiwashindi.

Binti yangu hutengeneza mihuri. Lapa linaoshwa, linakatwa kipande cha ukubwa wa kiganja, mtu mzima anachonga umbo kwa wembe: samaki, nyota, herufi Z. Mtoto anapaka rangi ya kitambaa kwa sponji na kugonga. Shuka la mtumba la Dada wa Kongowea linafaa sana. Fremu nayo unaikata kwenye soli hiyo hiyo, rangi zake hazipauki kirahisi, na mvua ikinyesha haiozi.

Zuu kupitia kwa MamaZuu
mimi naitwa zuu. kaa akihama nyumba ya zamani anaiacha? hiyo naweza kuchukua?

Nahodha wa Kunduchi
Zuu, akihama anayefuata mdogo wake anaingia. Wakati mwingine wanapanga foleni, mkubwa anaingia kubwa, wa pili anaingia aliyoacha wa kwanza, mpaka wa mwisho. Ukiichukua umewavurugia foleni wote. Lete malapa, nitamwambia binti yangu akuelekeze kwa mama.

Mjukuu wa Gerezani
Nimeshindwa kesi. Lakini Bibi, sindano namba ngapi kwa uzi wa sweta ya pamba? Mama yangu anauliza, sio mimi.

Bibi Cherehani
Mwambie "mama yako" aanze na kroshia ya milimita 4, afume kipande cha mraba cha kiganja. Kikiwa kigumu kama hakikunjiki apande namba, kikiwa na matundu ashuke. Na kama uzi ni mwembamba auweke mara mbili, rangi mbili tofauti hutoka vizuri sana.

MamaZuu
Nimetazama kalenda ya jirani. Jumamosi hii ni tarehe 8, maji mafu, ya tarehe 15 ndiyo bamvua. Nimempigia mdogo wangu asogeze tiketi ya basi wiki moja mbele. Kauliza kwa nini, nikamwambia bahari haipo Jumamosi hii. Kanyamaza kidogo halafu kaniuliza, "Ziwa Nyasa lipo kila siku, hiyo yenu inaenda wapi?" Kaka wa Magogoni, mwisho wa pantoni Jumamosi jioni foleni ikoje na mtoto?

Kaka wa Magogoni
Mbaya kuanzia saa kumi na mbili, kila aliyekwenda kuogelea anarudi wakati huo huo. Toka majini saa kumi na moja kamili, hata Zuu akilia. Ukikuta pantoni imeshajaa usikimbilie mlango unapofungwa, subiri inayofuata, ukae upande wa kushoto ukiwa unaangalia mjini. Na N-Card weka salio la watu watatu kwenda na kurudi, kabisa kabisa.